Slipu Mbili za Mshahara: Makosa Tuliyofanya Tulipoungana na Wasafishaji wa Nchi Nyingine

Mimi ni msafishaji wa maofisi, na kwa miaka sita sasa ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika tawi letu. Aliyetuajiri ni kampuni ya kandarasi. Jengo si lake, ofisi tunazodeki si zake, na kampuni yenyewe ni tawi tu la kampuni mama iliyoko nchi nyingine kabisa. Ninawaandikia wenzangu wa ujira mdogo, wawe walinzi, wahudumu wa vyumba vya hoteli, wafungashaji wa maghalani au wafanyakazi wa majumbani, ambao wamegundua kwamba mwajiri wao ana watu kama wao ng'ambo ya mpaka na wanajiuliza waanzie wapi. Sisi tulianza vibaya. Watu watatu walipoteza kazi kwa sababu yetu, na hao watatu hawakuwa wa upande wetu. Sitaji kampuni wala nchi yao, maana wenzao bado wako kazini palepale.

Habari ilianza usiku, kwenye ngazi za dharura. Dada mmoja wa zamu yetu, aliyehamia huku akitokea nchi hiyo ya pili, aliniambia kwamba mdogo wake huko kwao amepata kazi ya usafi. Akafungua simu anionyeshe picha ya slipu yake ya mshahara ya kwanza. Lugha sikuielewa hata neno. Lakini nembo iliyokuwa juu ya karatasi ile ndiyo iliyoshonwa kifuani mwa sare yangu. Nikatoa slipu yangu mfukoni, nikaikunjua juu ya goti, tukaanza kuzilinganisha mstari kwa mstari kwa tochi ya simu. Tulipofika sehemu ya makato tukakutana na nambari ileile ya msimbo, na mbele yake kiasi kinachokatwa kila mwezi. Kwangu pameandikwa "vifaa na sare". Dada akasoma ya mdogo wake taratibu, akanitafsiria: vifaa na sare.

Kwa miaka miwili msimamizi wetu alikuwa akituapia kwamba makato yale ni utaratibu wa ofisi ya hapa, na kwamba hakuna mtu wa juu anayeyajua. Kumbe yamo kwenye mfumo wa kompyuta wa kampuni nzima. Tulikaa pale kwenye ngazi kwa muda, hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo, kama unatafuta pa kuanzia, anza na karatasi. Slipu, mkataba wa ajira, ratiba ya zamu, lebo za dawa za kusafishia. Karatasi hazina ubishi. Ila usilinganishe mshahara kwa kubadilisha fedha, kama tulivyofanya siku ya kwanza. Tulipogeuza mshahara wao kuwa fedha yetu, wenzangu kadhaa walicheka kwa uchungu wakasema, "Hawa ndio watatuchukulia kazi." Tulipoanza kuhesabu kwa saa, picha ikabadilika. Saa ngapi za kazi zinalipa pango la mwezi? Saa ngapi zinaliwa na nauli? Baina yetu na wao tofauti ikawa ndogo, na kwenye nauli sisi ndio tulioumia zaidi. Hapo ndipo watu wakaanza kuwaona wale kama wenzao.

Tukafanya mkutano wa kwanza wa simu. Nikiukumbuka naona aibu. Tulichagua saa inayotufaa sisi, jioni yetu, bila kuuliza. Kwao ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na zamu yao inaanza. Watu wanane walijitahidi kuingia, wakitumia bando walilonunua wenyewe. Sisi tukazungumza karibu saa nzima: historia ya tawi letu, ushindi wetu, mipango yetu. Katibu wetu akafunga kwa kuwaahidi kwamba tutawasaidia. Wao walipata dakika kumi.

Tena kulikuwa na neno lililotuharibia siku hiyo, na tulichelewa sana kulijua. Sisi tukisema "chama" tunajua tunachosema. Neno hilo hilo moja linabeba chama cha siasa, chama cha wafanyakazi na hata chama cha kuweka na kukopa. Aliyetutafsiria alichukua ile maana ya kwanza. Wenzetu wakasikia kwamba kuna watu wa nchi nyingine wanawaalika kujiunga na chama cha siasa. Wanne hawakurudi tena kwenye simu. Tulidhani ni woga wao tu, tukawahukumu hivyo kwa miezi miwili mizima. Siku hizi kabla ya mkutano tunaandika maneno kumi au kumi na tano mazito, kama chama, mgomo, kusimamisha kazi, madai, mwakilishi, kisha pande zote mbili zinaeleza kwa sentensi nzima kila neno lina maana gani kwao na lina hatari gani kisheria. Hilo la sheria lizingatieni. Kuna mahali ambapo mgomo ni haki baada ya taratibu kadhaa, na kuna mahali neno lenyewe likionekana kwenye simu yako ni sababu ya kufukuzwa.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Mmoja wao alitutumia picha ya glavu. Kampuni ilikuwa inawakata fedha ya vifaa kila mwezi, lakini glavu walizopewa zilipasuka katika wiki ya kwanza, na dawa ya kuondolea madoa ya choo iliwachoma ngozi. Picha ilionyesha mikono miwili imeshika glavu iliyochanika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na ngozi chini yake imebabuka. Aliituma "ili muone". Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na mimi niliyasoma.

Kamati yetu ilikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Tukatengeneza bango, tukaandika barua kali kwa kampuni mama, tukaiweka picha mtandaoni tukiwa na hakika kwamba hatujamwonyesha mtu, maana uso haumo. Hatukuangalia nyuma ya ile mikono. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa stoo ya vifaa, na ukutani imebandikwa ratiba ya zamu. Ukiikuza picha unasoma jina la jengo na majina ya zamu ya alfajiri. Msimamizi wao hakuhitaji upelelezi.

Siku ya tisa, wanawake watatu wa zamu ile waliambiwa mikataba yao haitahuishwa. Kwao mkataba ulikuwa wa mwezi mmoja mmoja. Kumwondoa mtu wa namna hiyo hakuhitaji barua ya kosa wala kikao cha nidhamu, unangoja tu mwezi uishe. Sisi tulikuwa na mikataba ya kudumu na chama kinachotambuliwa, tukapiga kelele kwa ujasiri ambao gharama yake ililipwa na watu wengine. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kutuma.

Nilipata habari kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa mmoja wao. Hakutukana. Alieleza tu nani anadaiwa pango, nani ana mtoto mchanga, na mwishoni akauliza: "Mbona hamkutuuliza?" Nilikaa nao siku mbili kabla ya kuupeleka kwenye kamati. Hilo nalo ni kosa. Habari mbaya ipelekwe siku hiyohiyo.

Tuliomba radhi, na kuomba radhi kwenyewe kukahitaji kufikiriwa. Barua yetu ya kwanza ilijaa maelezo ya nia yetu njema. Yule dada wa ngazi za dharura akaisoma akaikataa. Akasema, "Andikeni mlichofanya, mlichosababisha, na mtakachofanya. Basi." Barua ya pili ilikuwa na mistari saba.

Tulichoahidi ni kuwachangia mpaka wapate kazi. Huko kuchangishana kulikaribia kulivunja tawi. Watu wa ujira mdogo wakiombwa fedha kwa ajili ya watu wasiowaona, wana haki ya kuuliza. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema, "Mwanangu wa pili karudishwa nyumbani kwa ada, nami nichangie watu wa ng'ambo?" Nilitamani kumjibu kwa hotuba. Nikanyamaza, nikazisambaza zile slipu mbili mkono kwa mkono. Tukakubaliana kwamba kila mtu atoe ujira wa saa moja kwa mwezi, asiyeweza asiulizwe, na orodha ya waliotoa isibandikwe. Tulichanga kwa miezi mitano. Haikutosha kufidia mishahara ya watu watatu. Ilifikia kama nusu.

Kuzifikisha nako kulitufundisha jambo. Nchi nyingi zina sheria kali kuhusu fedha za kutoka nje zinazoingia kwenye mashirika na vyama, na mwajiri mwenye nia mbaya hufurahi sana kupata ushahidi kwamba wafanyakazi wake "wanalipwa na wageni". Tulitaka kutuma moja kwa moja kwa simu ya mmoja wao. Bahati njema mhasibu wa chama chetu alituzuia. Fedha zilipita kwenye akaunti ya chama chetu hadi akaunti ya chama cha huko kilichosajiliwa, kwa barua inayosema ni msaada wa kibinadamu kwa wanachama walioachishwa, na risiti zikarudi. Ilichukua wiki tano na ilituudhi. Lakini miezi kadhaa baadaye uongozi wa huko ulipojaribu kuleta tuhuma hiyohiyo, chama kilitoa faili na tuhuma ikafa.

Katika kipindi hicho tulipata semina ya siku mbili, na mkufunzi alisimulia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia juujuu tu. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji. Siku moja kabla, nyufa zilionekana. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kuingia. Jengo lilikuwa moja na nyufa zilikuwa zilezile; waliotofautiana ni wale walioweza kubaki nyumbani na wale wasioweza. Niliwaza glavu. Wale dada zetu walijua dawa inachoma, walikuwa wameshasema, na bado kila alfajiri waliingiza mikono.

Baada ya maafa yale, mwezi Mei 2013, mashirikisho ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh yalisaini na makampuni ya mavazi mkataba wa usalama wa viwanda uitwao Accord. Tulichoambiwa tukiangalie ni kwamba mkataba ule ulikuwa na nguvu ya kisheria. Ulitaka ukaguzi huru, ripoti zichapishwe hadharani, na ulimpa mfanyakazi haki ya kukataa kuingia mahali penye hatari bila kuadhibiwa. Makampuni yaliyosaini yangeweza kushtakiwa, na kweli mwaka 2016 vyama viliyapeleka mawili kwenye usuluhishi huko The Hague, kesi zikaisha kwa makubaliano. Bango letu lilikuwa na maneno makali kuliko waraka wowote wa Accord, na halikumbana mtu yeyote isipokuwa wale watatu.

Tangu hapo tukabadili swali. Badala ya kuuliza tutapaza sauti vipi, tukawa tunauliza nani anaweza kusaini, na nani anaweza kumlazimisha asaini. Tulichora kwenye karatasi kubwa: sisi, wao, kampuni mbili tanzu, kampuni mama, halafu wateja wenye majengo. Kwenye usafi mteja ndiye mwenye neno, kwa sababu makampuni ya kandarasi yanashindana kwa bei, na bei hiyo inakamuliwa kwenye mikono yetu. Wasafishaji wa Los Angeles waliliona hilo zamani. Katika kampeni ya Justice for Janitors, yaani Haki kwa Wasafishaji, waliwabana wenye majengo na si makandarasi peke yao. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, na baadhi walikuja na ujuzi wa vyama walioupata El Salvador. Tarehe 15 Juni 1990 polisi waliwapiga kwa virungu wakiandamana huko Century City, na siku hiyo huadhimishwa na wasafishaji wa nchi nyingi mpaka leo.

Niseme pia kuhusu milango rasmi, maana tulipoteza muda mwingi kwa kutoijua. Barua yetu ya kwanza kwa kampuni mama ilikwenda kwenye anwani ya huduma kwa wateja, na jibu lilikuja baada ya wiki kumi na moja likitushukuru kwa maoni yetu. Kilichofungua njia ni kupitia shirikisho. Vyama vya usafi na ulinzi vingi vimo UNI Global Union, yenye makao yake Nyon, Uswisi. Hoteli, vyakula na mashamba wako IUF. Viwanda na nguo ni IndustriALL. Mabaharia, madereva na wapakuzi ni ITF, ambayo ina wakaguzi wake bandarini. Na wafanyakazi wa majumbani wana IDWF tangu 2013. Muulize katibu wa chama chako kama ni mwanachama wa mojawapo, na kama kampuni yenu imesaini makubaliano ya kimataifa na shirikisho hilo. Yetu ilikuwa imesaini. Waraka ulikuwepo miaka yote, unasema kampuni haitazuia wafanyakazi kujiunga na vyama popote ilipo, na hakuna hata mmoja kwenye matawi mawili aliyewahi kuuona.

Kama makao makuu yako Ulaya, ulizia pia kama kuna baraza la wafanyakazi la Ulaya ndani ya kampuni. Makampuni yenye wafanyakazi wasiopungua 1,000 katika Umoja wa Ulaya, na wasiopungua 150 katika kila moja ya nchi mbili, yanaweza kudaiwa kuliunda. Wajumbe wake hukaa meza moja na wakubwa ambao ninyi hamtawaona. Ufaransa kuna sheria ya mwaka 2017 inayoyataka makampuni makubwa yaliyoko huko kuzuia madhara kwa wafanyakazi hata kwenye matawi na kwa wakandarasi wao wa nje, na kampuni inaweza kupelekwa mahakamani. Kuna ofisi za mawasiliano za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, zinazopokea malalamiko dhidi ya makampuni ya kimataifa. Zinaita watu mezani lakini haziwezi kumlazimisha mtu. Na Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina Kamati ya Uhuru wa Kujumuika tangu 1951, inayopokea malalamiko dhidi ya serikali hata kama nchi haijaridhia mkataba namba 87 wa 1948 au namba 98 wa 1949, inayolinda haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri. Huko mtu binafsi hasikilizwi, lazima chama ndicho kilalamike. Njia zote hizi ni ndefu. Zitumieni, lakini msimwambie mtu aliyefukuzwa jana kwamba ndizo zitakazomlisha.

Jambo lililogeuza mambo hata hivyo halikutoka ofisi yoyote. Mwaka uliofuata kampuni ilitaka kuongeza idadi ya ghorofa ambazo kila msafishaji anamaliza kwa zamu. Katika majadiliano meneja alifungua faili akatuambia kwa upole, "Wenzenu wa kule wameshakubali. Mkikataa ninyi, wateja watauliza kwa nini huku ni ghali." Niliomba mapumziko ya dakika ishirini. Nikatoka ukumbini, nikamtumia mmoja wao ujumbe wa sauti: mmekubali ghorofa sita?

Jibu lilikuja kabla mapumziko hayajaisha. Hawakuwa wamekubali kitu. Walikuwa wameambiwa wiki iliyotangulia, kwa maandishi, kwamba sisi ndio tumekubali. Akapiga picha barua waliyopewa. Safari hii aliandika chini yake: "Hii mnaweza kuionyesha. Tumekubaliana sote saba. Kateni sehemu ya juu." Tukakata sehemu ya juu. Nikairudisha simu mezani, nikaisukuma hadi mbele ya meneja, na dada yetu akaisoma kwa sauti, kwanza kwa lugha yao, kisha kwa yetu. Meneja aliuliza tumeipata wapi. Hatukumjibu. Kikao kiliahirishwa.

Nimehudhuria maandamano mengi yenye mabango ya mshikamano, lakini sijawahi kuuona ukifanya kazi kama nilivyouona katika dakika zile ishirini. Uliwezekana kwa sababu watu tuliowaumiza walikubali kuzungumza nasi tena, na kwa sababu tulikuwa tumeweka utaratibu wa kuomba ruhusa. Kabla ya kutumia picha, sauti au karatasi ya mtu, tunamwuliza mambo matatu: nani ataiona, nani anaweza kutambulika ndani yake ikikuzwa, na bosi akikasirika kesho asubuhi ni nani atakayeumia. Ruhusa ni ya kitu kimoja kwa matumizi mamoja. Akisema "ili muone", tunaona basi. Na jina la mtu haliandikwi kwenye kundi la simu, kwa sababu simu huazimwa, huibwa, na huombwa na wasimamizi.

Yalipoisha majadiliano, makato ya vifaa na sare yalifutwa kwenye matawi yote mawili. Glavu nene zililetwa. Ghorofa zilibaki tano, tulitaka nne. Wao walipata mikataba ya miezi sita badala ya mmoja, wakati walichodai ni mikataba ya kudumu. Kuhusu haki ya kukataa dawa isiyo na lebo, tumeipata kwa maandishi sisi. Wao wameahidiwa kwa mdomo tu. Hilo linanikera kila siku, na ndilo tunalolishughulikia sasa.

Bado sijamsema vya kutosha yule dada aliyekuwa daraja. Kwa mwaka mzima tulimtumia kama mkalimani bila kumlipa. Anatoka zamu ya usiku, anakaa kwenye simu saa mbili akitafsiri ugomvi wetu na uchungu wao, halafu anaamka mchana atafsiri barua. Kibali chake cha ukaazi kilifungamana na ajira hii hii. Angefukuzwa, angekuwa na muda mfupi tu wa kuondoka nchini, na sisi tulimkalisha mbele ya meneja asome barua kwa sauti. Alikubali, lakini je, angeweza kukataa, sote tukimtazama? Mwezi mmoja baada ya kikao kile alijitoa kwenye kamati. Alisema amechoka kuwa mdomo wa watu wengine. Alikaa nje nusu mwaka. Chama sasa kinalipa mkalimani wa nje kwa kila mkutano, kinamlipa pia mwanachama anayetafsiri nyaraka kwa saa, na mhamiaji hasimamishwi mbele ya mwajiri kabla mwanasheria hajamweleza hali ya kibali chake. Aliporudi, alirudi kama mjumbe. Husema mambo yake mwenyewe, na mara nyingi hatukubaliani naye.

Mikutano sasa inapangwa kwa saa yao mwezi huu, yetu mwezi ujao. Mwezi wao mimi huamka saa tisa usiku. Bando la kila anayeingia linalipwa na vyama viwili kwa pamoja, na upande ambao mambo ni magumu zaidi ndio unaoanza kuzungumza.

Katika wale watatu, mmoja alirudishwa kazini baada ya miezi saba. Wa pili alipata kazi kwingine na bado huingia kwenye simu zetu, ingawa hatuhusiki tena na mwajiri wake. Yule wa glavu, mwenye ile mikono, hakutujibu tena. Nilimtumia ujumbe mara tatu kwa mwaka. Mwenzake ameniambia mwezi uliopita kwamba anaendelea vizuri, kwamba fedha zilimfikia, na kwamba ameomba nisimtafute. Nimeifuta namba yake.